Kinyaa si haramu: kula na majirani wasio Waislamu

Krismasi moja, miaka kumi na kitu iliyopita, jirani yangu alinigongea adhuhuri na sahani mbili zilizofunikana, ndani mna chapati na kuku wa mchuzi. Ni Mgiriama, Mkristo, na kinachotutenganisha ni kiukuta cha mawe ambacho hata kuku wanakiruka. "Jirani, sikukuu hiyo," akaniambia. Nikapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamtakia heri. Alipogeuka tu nikaenda uani, nikawamwagia paka.

Mwanangu alikuwa na miaka saba, umri ambao mtoto haoni jambo akalinyamazia. Jioni ile ile akamhadithia mwenzake, mtoto wa jirani, jinsi paka wetu walivyogombania minofu. Siku tatu sikumwona yule mama. Ya nne akaja, nikamkaribisha, akakataa kuingia, akasimama pale pale mlangoni: "Yule kuku nilimpeleka sokoni nikamlipa Mwislamu anichinjie. Kwa ajili yako. Si ungeniuliza?"

Nilikuwa na la kujibu? Nilisimama na mwiko mkononi kama niliyeshikwa na kitu cha wizi.

Napika mashughuli hapa Malindi, harusi na maulidi na futari za watu wengi, na hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniuliza: nile kwa fulani au nisile? Mimi si sheikh. Nilichonacho ni nilichosomeshwa chuoni, yaani madrasa, nilichowauliza walimu baada ya aibu ile, na miaka mingi ya kubeba na kupokea masahani. Mwenye kutaka fatwa amwendee mwalimu wake.

Jambo la kwanza nililolazimika kukiri ni kwamba siku ile sikuwamwagia paka kwa sababu ya dini. Dini ingenitaka niulize. Ilikuwa ni kinyaa. Chakula cha mwenzio kina harufu ya nyumba isiyo yako, mafuta yake si unayotumia wewe, bizari yake nyingi au hana kabisa, na roho inasita. Hilo ni la kibinadamu, hata mavyaa wako utamsikia akilisema kuhusu mchuzi wako. Ubaya ni kulivika kanzu ukaliita haramu.

Maana ukirudi kwenye Surat al-Maida, aya ya 3, vilivyokatazwa vimetajwa kimoja kimoja: nyamafu, damu, nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu, kilichonyongwa, kilichokufa kwa kupigwa au kuporomoka, na vingine vya namna hiyo. Ongeza kileo. Ukitazama, karibu vyote ni habari ya mnyama na jinsi alivyotolewa roho. Sima ya jirani haimo. Mtsunga, mboga ya majani ya kwetu, haumo, wala mbaazi, mihogo, maembe, maziwa, chapati. Samaki hachinjwi, kwa hiyo haijalishi kavuliwa na nani wala kapikwa na nani, maadamu hakutiwa kitu kilichokatazwa. Kwa mji kama huu unaokula baharini, ukihesabu sahani unazoweza kuletewa na jirani Mkristo, nyingi hazina swali hata moja.

Wala mkono wake hauna neno. Nimewasikia watu wazima wakisema hawawezi kula sinia moja na kafiri kwa sababu ni najisi, na wanashika aya ya 28 ya Surat at-Tawba, inayowaita washirikina najisi. Wanazuoni walio wengi, na Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wakiwemo, wameifahamu aya ile kuwa inazungumzia itikadi. Mwili wa binadamu ni safi, si najisi, na mate yake pia. Kwa hiyo akinawa akakunja miguu, mpishe nafasi. Anachotakiwa kufundishwa ni kile Mtume alichomfundisha Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto na mkono wake ukizunguka sahani nzima: sema Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Mgeni wetu mmoja, kijana wa bara, alichimba biriani yote ya katikati hadi upande wa mjomba wangu. Mjomba akamsogezea na kachumbari.

Nyama ndiyo yenye maneno, na hapo nitakaa kidogo.

Aya ya 5 ya sura hiyo hiyo inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na chakula chetu ni halali kwao. Wengi wa wafasiri wanasema "chakula" hapo ni vichinjwa. Basi mbona masheikh wetu wengi wa pwani hawali kichinjwa cha Mkristo wa hapa? Nilidhani ni dharau, mpaka nikafafanuliwa. Sisi ni Mashafii, na madhehebu yetu yamelibana sharti hili: yanaangalia hata asili ya mchinjaji, mababu zake waliingia katika dini hiyo zama zipi. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wasioliweka sharti hilo. Kwao Mkristo akichinja sawasawa, bila kutaja jina lisilo la Mungu, yatosha. Mimi nafuata nilivyolelewa. Ila namheshimu anayekula kwa kauli ile nyingine, simwiti fasiki, na wewe usimwite.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, swali hili ni dogo kuliko linavyosikika. Nyama ya bucha hapa Kenya kwa kawaida imechinjwa na Mwislamu. Ni desturi ya machinjio tangu zamani, ili nyama iuzike kwa kila mtu. Ng'ombe aliyenunuliwa kwa kilo sokoni mara nyingi hana shida, jikoni mwa yeyote. Anayehitaji kuulizwa ni kuku wa nyumbani na mbuzi wa sherehe, wale wanaomalizwa uani. Muulize huyo. Na muulize mapema, sahani ikiwa bado haijafika, kwa maneno mepesi: "Jirani, kuku wa sikukuu atachinjwa na nani? Nikuletee kijana?" Ukiuliza wakati sahani iko mikononi mwake imeshakuwa ni kumshitaki.

Hivyo ndivyo tulivyopatana sisi. Siku nilipokwenda kumwomba radhi, sikwenda mkono mtupu, nilibeba mkate wa sinia, na tukaketi jikoni mwake nikamweleza yote, na lile la paka pia kwa kinywa changu mwenyewe. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Akasema: "Kumbe ni kisu tu? Mimi nilidhani ni sisi." Leo mwanangu yule yule ndiye mchinjaji wa mtaa. Desemba ikifika utasikia sauti juu ya ukuta: "Mwambieni kijana aje na kisu chake!" Anakwenda, anaelekeza kibla, anapiga Bismillahi, anakata koromeo na umio kwa mara moja, anarudi na manyoya kwenye fulana. Mwaka jana alichinja kuku kumi na mmoja na mbuzi wawili kabla ya saa tatu asubuhi, na kila nyumba ikampa soda.

Kuuliza kuna mpaka wake. Bibi Aisha amepokea kwamba watu walimwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuna jamaa wanatuletea nyama, hatujui wametaja jina la Mwenyezi Mungu au hawakutaja. Akawaambia: litajeni nyinyi, mle. Hao walikuwa watu waliosilimu karibuni, kwa hiyo hadithi hii si hoja kwa kila kichinjwa, lakini adabu yake ni ya kushika. Jirani akikwambia Mwislamu ndiye aliyechinja, basi. Usimuulize jina lake, msikiti anaosali na kisu alikinolea wapi.

Vyombo navyo vina hadithi yake. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani alimuuliza Mtume kuhusu kula katika vyombo vya watu wa Kitabu, akajibiwa kuwa wasivitumie wakipata vingine. Wasipopata, wavioshe kisha wale. Katika riwaya nyingine imetajwa sababu: walikuwa wakipika nguruwe na kunywea mvinyo humo. Jirani yangu nguruwe hapiki, sufuria yake haina kosa. Lakini huu ni mji wa Wataliano, na wanawake wetu wengi wanafanya kazi katika majumba yao. Binti mmoja wa Muyeye alinijia analia: kila siku anakaanga nyama ya nguruwe ya bosi, na chakula chake cha mchana anakipikia kikaango hicho hicho. Nikamwambia mambo mawili. Kwanza aombe kikaango, kisu na ubao wake mwenyewe. Tajiri anayeelezwa kwa heshima hakatai, nao wana marafiki wasiokula hiki na kile. La pili, kwa Mashafii wengi kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akafanya. Bosi akamkuta uani anasugua kikaango kwa udongo, akadhani anapanda maua. Alipoelezwa akamnunulia kipya. Swali la kupika chenyewe, kumkaangia mtu nguruwe kwa mshahara, nilimpeleka kwa mwalimu wake. Si la mpishi kulijibu.

Kwenye pombe sina mjadala. Tumekatazwa kukaa meza inayozungushwa mvinyo, achilia mbali kunywa, na mnazi ni mvinyo hata kama umegemwa na mtu unayempenda. Kwenye harusi za Kikristo huwa naomba meza ya wasiokunywa, na kila mara nakuta Wapentekoste wameshaijaza.

Matanga ya Kigiriama yanataka busara zaidi. Ikiwa kuna mnyama aliyetolewa kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya mababu, huyo hatumli, na hapa hakuna khitilafu. Lakini usiache kwenda. Nenda na kilo mbili za sukari au unga, toa mkono wa pole, kaa. Mara nyingi wenyewe ndio watakaokwambia, "Huyu si wenu, wenu yuko kule," kwa sababu wameshamweka mbuzi wa wageni Waislamu na mchinjaji wake. Nimeshuhudia hilo vijijini zaidi ya mara moja, kwa watu waliokuwa na msiba wao wa kuwashughulisha.

Kumbe na sisi tuna ya kuuliza. Hii ndiyo sehemu niliyochelewa kuijua. Nilimkaribisha mwalimu wa mwanangu chakula cha usiku, nikajitesa tangu asubuhi na pweza wa nazi, kamba wa kukaanga na papa wa kupaka. Akala wali na achari. Nilipomdadisi akasema kwa haya kwamba yeye ni Msabato. Samaki asiye na mapezi na magamba hali, imo katika Walawi sura ya 11. Nilikuwa nimemwandalia meza nzima ya vitu visivyolika. Ukipika nyama, kumbuka Wakatoliki Ijumaa Kuu na Jumatano ya Majivu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, na futari yangu ya Ijumaa ya kwanza ilikuwa ya samaki kwa ajili ya mgeni mmoja tu. Baniani ukimwalika muulize kuhusu mayai pia, si nyama peke yake. Hili nalo si geni mjini petu: Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo na viungo, na Wareno wakakutana na Wahindi waliowaambia kuwa hawali nyama ya ng'ombe. Wareno wakawadhania kuwa ni Wakristo wenzao. Hawakuuliza vizuri.

Na akikataa chakula chako, usinune. Dada mmoja wa kanisani aliniachia sahani ya pilau ya maulidi bila kuigusa, akasema ni chakula cha sadaka na hajui kimesomewa nini. Nilichukia. Baadaye nikaonyeshwa kwamba wana barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10, inayozungumza juu ya vyakula vya matambiko, nikaona hofu yake kwa pilau yangu ni ile ile yangu kwa mbuzi wa koma. Siku hizi nampelekea mahamri siku isiyo na maulidi yoyote, na anayala.

Udhiya, nyama ya kichinjwa cha Idi kubwa, nilikuwa nikigawa kwa kila mlango. Mwalimu akanitahadharisha: katika madhehebu yetu udhiya ya nadhiri hapewi asiye Mwislamu, na ile ya sunna wamekhitalifiana, Imamu Nawawi akiona inafaa. Wengi hawana habari. Mimi nimejitoa katika shaka: jirani yangu namnunulia nyama ya bucha asubuhi ya Idi, nampikia, namfunikia. Hajawahi kuona tofauti, na ladha ni moja.

Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, alipofika tu aliuliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Akarudia. Mimi hilo la kurudia ndilo ninalolipenda.

Juzi bakuli langu limerudi kutoka ng'ambo ya ukuta. Halirudi tupu, wajua desturi zetu. Lilikuwa na kimanga, na juu ya kifuniko kikaratasi alichoandika binti yake: "Mihogo, maharagwe, nazi, chumvi. Paka wasipewe."