Mbingu Kwanza, na Sokoni Saa 10 Alfajiri

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya, Mafinga, Tukuyu na Iringa, na zote zinazunguka jambo moja: Mkatoliki anayetaka kweli kufika mbinguni afanye nini siku ya Jumanne? Tumezifupisha.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nauza maharage na viazi Mwanjelwa. Saa 10 alfajiri niko sokoni napokea mzigo, nyumbani narudi saa 2 usiku. Kila mahubiri nasikia “utafuteni kwanza ufalme wake.” Nimejaribu Rozari, novena (sala za siku tisa) na kusoma Biblia kila siku, sijawahi kumaliza wiki mbili. Au mbingu ni ya watawa? – Mama wa watoto wanne, Mbeya

JIBU: Milele na milele, Amina. Mama, kilichokushinda si mbingu, ni mzigo uliojitwisha siku ya kwanza. Rozari ya makumi matano ni kama dakika 20. Ongeza novena, ongeza Biblia, umeshatafuta saa nzima kwenye siku isiyo na hata nusu saa ya kupumua. Siku ya kumi na mbili usingizi unakuzidi, ya kumi na tatu unaona aibu, ya kumi na nne unaacha vyote pamoja na ile Baba Yetu ya kulalia.

Wazee walikariri katekisimu kwamba Mungu alituumba tumjue, tumpende, tumtumikie, na mwisho tufike kwake mbinguni. Kutumikia kumo humo, na wewe unatumikia sokoni. Neno “kwanza” halihesabu saa. Linauliza: mambo mawili yakigongana, lipi linampisha mwenzake?

Kwa siku 30 shika vitu vitatu tu. Alfajiri, kabla hujagusa simu, fanya ishara ya msalaba umtolee Mungu kazi, uchovu, faida na hasara ya leo, kwa maneno yako mwenyewe. Nusu dakika inatosha. Saa 6 mchana sali Malaika wa Bwana, na kama kengele ya kanisa haikufikii, tega ya simu. Usiku chunguza dhamiri kwa dakika 5, ukiwa umekaa. Ukijilaza, utasinzia kabla hujafika katikati. Shukuru kwa jambo moja unaloweza kulitaja, omba mwanga wa Roho Mtakatifu, pitia siku tangu mzigo uliposhushwa hadi ulipofunga meza, jutia ulipokosea, kisha amua jambo moja la kesho. Wengi huruka la kwanza na la mwisho, ndiyo maana zoezi linageuka kuwa kujilaumu na halidumu. Vitatu hivi vikishakuwa desturi, ongeza kumi moja la Rozari ukiwa kwenye daladala. Moja, si matano.

Kitubio, yaani kuungama kwa padre, nenda kila mwezi. Sheria ya Kanisa (kanuni 989) inadai dhambi kubwa ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka, lakini anayengoja Kwaresima amesahau nusu ya aliyoyafanya.

Sasa tuje kwenye kisado, kopo la kupimia maharage, ambacho hukukitaja. Kitako kilichobonyezwa kuingia ndani, maharage ya mwaka jana chini na mapya juu, viazi vikubwa mdomoni mwa gunia na vidogo tumboni: hapo ndipo mbingu na faida hugongana kwa mfanyabiashara, na novena hainyooshi kitako cha kisado. Hata kuungama peke yake hakumalizi, kwa sababu haki inadai kurudisha (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412). Mteja unayemfahamu, mzidishie kipimo kimyakimya hadi deni liishe. Hulazimiki kujitangaza sokoni. Wale usioweza kuwapata, kadiria kiasi bila kujipendelea uwape maskini, na hesabu hiyo mwonyeshe muungamishi wako, maana kila mtu hujikadiria kidogo. Wala usiichanganye na zaka uliyokwisha ahidi parokiani. Hilo ni deni jingine.

SWALI: Nakata mbao mashambani huku Mafinga. Kigangoni kwetu padre hufika mara moja kwa mwezi, masika barabara ikiharibika inapita hata miezi miwili. Nikianguka katika dhambi ya mauti katikati hapo, kisha mti ukaniangukia, ndiyo basi? – Kijana wa miaka 26

JIBU: Si lazima iwe basi, ila swali lako ni la mtu mwenye akili, kwa kazi hiyo hasa.

Kwanza hakikisha ni dhambi ya mauti. Yanahitajika mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, ujue kuwa ni zito, na ulitende kwa hiari kamili. Likikosekana moja, dhambi ipo lakini si ya mauti.

Ikiwa ni ya mauti, fanya majuto kamili papo hapo, yaani kutubu kwa sababu umemkosea Mungu unayempenda, si kwa kuogopa moto tu. Majuto hayo huondoa hata dhambi ya mauti, mradi yana nia thabiti ya kuungama mapema iwezekanavyo (Katekisimu, namba 1452). Hayo “mapema iwezekanavyo” ndipo wengi wanapoteleza. Kama unashuka mjini kununua vipuri vya msumeno, unapita karibu na parokia na huingii, nia hiyo haipo. Mpigie paroko siku moja kabla. Hata siku ya Misa kigangoni, fika nusu saa mapema. Ukifika padre anavaa, huna wa kumlaumu. Taja aina ya dhambi na idadi yake, “mara tatu” au “karibu kila wiki,” bila hadithi na bila majina ya wenzako. Hadi hapo usipokee Komunyo.

Anayepanga kutenda kwa hesabu ya “nitajuta baadaye” amekwisha haribu majuto yake kabla ya kuanza.

Jumapili isiyo na padre, nenda kwenye Ibada ya Neno anayoongoza katekista. Kanuni 1248 inaihimiza sana. Vijana wengi hukaa kwenye ulanzi (pombe ya mianzi) wakisema “leo hakuna Misa,” na padre akija mwezi unaofuata hawamo tena.

SWALI: Majirani walokole huniuliza, “Ukifa leo, una hakika ya kwenda mbinguni?” Nikisema natumaini, wananicheka. Nijibuje? – Tukuyu

JIBU: Umejibu vizuri. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1547 ulifundisha kwamba hakuna awezaye kujua kwa uhakika wa imani, usioweza kukosea, kuwa amepata neema ya Mungu. Mtakatifu Yoana wa Arc alitegwa kwa swali kama hilo mahakamani mwaka 1431: yumo katika neema ya Mungu? Akajibu kuwa kama hayumo, Mungu amtie, na kama yumo, Mungu amhifadhi humo. Wasomee pia majirani 1 Wakorintho 10:12, anayedhani amesimama aangalie asianguke. Wao wanaipenda Biblia, msibishane bila kuifungua.

SWALI: Bibi yetu ana miaka 84 na hali imeshuka. Wajomba wanakataa padre asiitwe, eti tutakuwa tunamwitia kifo. – Iringa

JIBU: Waambieni wajomba kwa heshima kwamba Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya mgonjwa. Hutolewa mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na hurudiwa hali ikizidi. Mkingoja, mnampunguzia: aliyepoteza fahamu anaweza kupakwa lakini hawezi kuungama wala kumeza Komunyo, na maiti haipakwi. Akiwa na akili zake hupata vyote kwa mpangilio: kitubio, mpako, kisha Komunyo ya mwisho iliyo pamba ya njiani, yaani chakula cha safari ya kwenda kwa Mungu.

Mkipiga simu, mwambieni padre kama bibi anazungumza, kama anaweza kumeza, na gari linafika wapi. Andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Zimeni redio. Wote mtoke anapoungama, hata binti anayemhudumia. Bibi hafungwi na ile saa moja ya mfungo kabla ya Komunyo, wala wanaomuuguza.

Mwombeni padre ampe pia baraka ya kitume yenye rehema kamili ya saa ya kufa, yaani kuondolewa adhabu za muda za dhambi zilizokwisha samehewa. Ikitokea padre hakuwahi, Kanisa linampa mwamini rehema hiyo hata hivyo, mradi awe na majuto na awe alizoea kusali walau sala fulani maishani mwake. Hapo mwekeni msalaba mkononi, msali kwa sauti zile sala alizozizoea, polepole, ili aweze kuzifuatisha.