Mgeni wa tanuru, ogopa maji kuliko moto

Ukianza kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, macho hukimbilia motoni. Yarudishe kwenye skrepa. Chuma kilichoyeyuka kina joto la karibu nyuzi 1,600 za Selsiasi. Maji yakifunikwa na chuma hicho hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. Ukikosa pa kutokea, unakirusha chuma juu, na aliyesimama ukingoni ndiye kinayemwangukia.

Kwa hiyo jifunze maji yanapojificha. Shokapu, mtungi wa gesi, bomba lililobondwa ncha zote mbili, kopo lenye mfuniko: chochote kilichoziba kiweke kando, hata kama msimamizi anaharakisha. Kukitoboa ni kazi ya fundi aliyefundishwa, tena usikiguse kwa moto wa kukatia, maana mafuta au gesi iliyobaki ndani nayo hulipuka. Robota la skrepa lililolala nje wakati wa masika linadanganya zaidi. Juu limekauka, tumboni limelowa. Liinuliwe, utazame sakafu. Likiacha alama ya unyevu, halijawa tayari. Hata fimbo ya kukorogea au kijiko cha sampuli kipashwe moto kwanza, kwani umande wa asubuhi unatosha kurusha cheche usoni.

Skrepa ikikwama juu ya tanuru kama daraja, usiigonge wala usiongeze nyingine. Chini yake chuma kinazidi kupata joto na kuula ukuta wa ndani, na nyuma ya ukuta huo kuna mabomba ya shaba yanayopitisha maji ya kupozea. Mwambie mwendeshaji apunguze umeme, kisha ondoka pale.

Suruali ivaliwe nje ya buti, isiwe ya nailoni wala polista. Hizo huyeyukia ngozini.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa mapema kabla hajavimba. Nguo iliyoganda usiing'oe. Dawa ya meno, mafuta na yai ni marufuku. Siku hiyohiyo ajali iandikwe kiwandani: kwa Tanzania, haki ya kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hupotea ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12.