Azimio la Hisabati la saba: anzia Septemba urudi nyuma

Ticha unayelalamika kwamba Mei imefika bado uko kwenye mada ya sehemu (zile 1/2, 3/4), pole, ila sio uvivu, ni azimio la kazi lenyewe, yaani ule mpango wako wa kufundisha mada za mwaka mzima, umegawa mada kana kwamba mwaka unaisha Desemba wakati la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba. Chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma, kata likizo ya Juni, kata wiki ya moko (mtihani wa majaribio), kata na zile siku za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, maana wachezaji wote hawapo darasani, vipindi vinavyobaki ndo mwaka wako halisi. Sasa usigawe sawasawa. Takwimu zipe vichache tu, kusoma grafu wameanza zamani. Sehemu, desimali na asilimia zipige pamoja, andika ubaoni 3/4 = 0.75 = 75% halafu ingia faida na hasara hapohapo, unaokoa vipindi kibao. Kila mwezi acha siku kadhaa tupu za kufidia, mkuu akiuliza mwambie hivyohivyo. Na ile safu ya maoni kwenye azimio ijaze kweli bana, sio "mada imefundishwa" mstari kwa mstari, andika wamekwama wapi, mwakani ndo itakupangia vipindi.