Kwa mnaoanza kazi ya maabara: daftari liseme mlichokifanya

Wadogo zangu mlioanza kazi nasi hapa Bagamoyo, wiki hii nimepitia madaftari yenu na nimekuta jambo nisiloweza kulinyamazia: mashine ya PCR, ile inayozalisha nakala nyingi za DNA, bado inaendelea na mizunguko yake, na tayari ukurasa umeandikwa kwamba kontroli hasi, yaani mrija usiotiwa DNA ya sampuli, imetoka safi.

Kwanza, kontroli hasi haiandikwi kwa matumaini. Chumba cha kuchanganyia vitendanishi kimetengwa na kile cha kufungulia mirija iliyotoka mashinini kwa sababu chembe isiyoonekana ya DNA iliyokwisha kuzalishwa inatosha kumfanya mtoto asiye na malaria asomeke chanya.

Pili, na hapa mnivumilie, maana wengi wenu mnatamani kumiliki hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, siku moja. Hataza za msingi za PCR, kazi ya Kary Mullis na wenzake wa kampuni ya Cetus, zilitolewa Marekani mwaka 1987, na mwaka 1991 kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche ikanunua haki hizo kwa dola milioni 300. Roche ilikuwa pia na hataza ya kimeng'enya cha Taq, kinachonakili DNA ndani ya PCR na kutokana na bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone. Ilipoishtaki kampuni ya Promega, ombi la hataza hiyo lilichambuliwa mstari kwa mstari, ikaonekana kwamba mfano mmoja wa jaribio ulisimulia usafishaji wa kimeng'enya kama kazi iliyokwisha kufanyika, ilhali haukuwa umefanyika kama ulivyoandikwa. Sheria ya Marekani inaruhusu kueleza jaribio ambalo bado halijafanyika, mradi lielezwe hivyo. Wangeandika kwamba wanakusudia kulifanya, wasingelaumiwa. Mwaka 1999 mahakama ya California iliinyima hataza hiyo nguvu, na mahakama ya rufaa ilipotengua baadhi ya hoja mwaka 2003, hoja ya mfano ule ilibaki palepale. Inaniuma, kwa kuwa kimeng'enya chenyewe kilikuwa cha kweli na kinafanya kazi mikononi mwenu kila siku.

Tatu, msiuhadithie uvumbuzi mkutanoni kabla ombi la hataza halijafika BRELA, wakala wa usajili wa hapa Tanzania, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika.

Nne, namba ya bechi ya kila kitendanishi inakiliwa boksi likiwa bado mezani, na anayekosea hafuti: anapiga mstari mmoja juu ya kosa, anaandika lililo sahihi pembeni, anatia saini na tarehe.