Sauti inakauka nikiimba Golaud, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni baritoni, nasomea uimbaji huku Ufaransa na nimepewa sehemu ya Golaud, yule mume mwenye wivu, kwenye opera ya Pelléas et Mélisande. Nikifika pale anapomnyanyua mtoto dirishani sauti inakauka kabisa. Jamaa mmoja ananiuzia mchanganyiko wa asali, tangawizi na yai bichi, mwingine kaniambia nikandamize koromeo chini ili itoke nzito, ya mume mwenye hasira. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja, na huyo wa koromeo ndo ananiudhi zaidi maana hili swali nalipata kila leo, watu wamekariri kwamba mume mwenye wivu lazima angurume. Golaud hangurumi bwana! Opera ile ilitoka Paris 1902 na mtunzi wake, Debussy, kaiandika karibu na kuongea kabisa, okestra mara nyingi iko chini, sasa wewe unashindana na nani? Hebu soma tena hapo dirishani. Kambeba Yniold, mwanae wa kumzaa, awachungulie mkewe Mélisande na Pelléas, nduguye Golaud wa mama mmoja, anauliza eti wako karibu na kitanda, mtoto anajibu kitanda hakioni. Swali lile ukilipigia kelele umeliua, linatakiwa litoke kwa mtu anayeliogopa jibu. Presha inapanda taratibu mpaka mtoto mwenyewe anatishia kupiga mayowe, ila wewe umeanza na nguvu zote, lazima ukauke. Na tendo la 4, akishamburura Mélisande kwa nywele, anasema tu atangoja, kwa sababu ndo desturi. Hapo ndo anatisha kuliko kote.

Ya yai bichi sina mengi. Unachomeza kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti, kingegusa ungepaliwa. Utaambulia tumbo.

Afadhali hata yai, maana kuna wanaojipulizia dawa ya ganzi kooni dakika chache kabla ya shoo, na wanaochomwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, wakaimbe usiku uleule kama hakuna kitu. Ganzi imezima maumivu, steroidi imeshusha uvimbe kwa muda tu, unaimba juu ya jeraha bila kujua, ukija kushtuka mshipa mdogo umepasuka na msimu mzima umekaa bubu. Anayekuuzia hayupo siku hiyo. Sauti ikikwaruza wiki tatu mfululizo acha kuimba, nenda kwa daktari wa koo akuchungulie na kamera, na kama anakuandikia dawa kabla hajatazama tafuta mwingine.