Jibu: NGF iko kwenye ncha za aksoni, mbona Erk1/2 iko kimya?

Mkuu, salama? Nimekuelewa hivi: sahani ya vyumba viwili (miili ya seli za neva chumba kimoja, ncha za aksoni, yaani mikia yao mirefu, chumba kingine), NGF (protini ya kukuza neva) umeweka upande wa ncha za aksoni tu, na kwenye miili ya seli Erk5 imewaka lakini Erk1/2 kimya (zote ni vimeng'enya vya kupitisha ishara ndani ya seli). Usitupe bado kingamwili unayopimia Erk1/2! Mimi niliitupa, hasara tupu.

Anza na uvujaji (picha zako hazikufunguka kwangu, nakisia tu). Tia rangi chumba kimoja, uone kama inapenya chini ya grisi inayoziba kati ya vyumba. Kisha, sahani nyingine, weka NGF moja kwa moja kwenye miili ya seli. Erk1/2 ikiwaka hapo, kingamwili ni nzima.

Kipokezi cha NGF, TrkA, ni kilekile pande zote mbili, ila NGF ikikishika nchani, humezwa pamoja nayo ndani ya endosomu (kifuko kidogo ndani ya seli), kisha dainini (protini ya kusafirisha mizigo) hubeba kifuko hicho hadi kwenye mwili wa seli. Ishara inayofika kwa safari hiyo hupitia Erk5, si Erk1/2, nayo husaidia seli isife; kwa hiyo huenda ukimya unaouona ni wa kweli.

Na muda je? Dainini hutembea kama mikromita 1 kwa sekunde, kwa hiyo milimita 1 ni zaidi ya robo saa. Wewe ulivuna seli za kupima dakika ngapi baada ya kuweka NGF?