Utafiti wa Ubia Unamsaidiaje Mgonjwa wa Sonona?

SWALI: Ndugu Mhariri, vyuo vikuu vya ng'ambo hushirikiana na vya Afrika kutafiti tiba ya sonona. Je, mgonjwa wa kawaida hunufaika, au faida huishia kwa watafiti? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi, kwa kuwa ubia ambao maswali yake yote hutungwa ng'ambo unaweza kumwacha mgonjwa pale pale alipokuwa. Upo, hata hivyo, mfano wa Zimbabwe unaonipa matumaini makubwa. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, alianzisha mradi wa Benchi la Urafiki mtaani Mbare, Harare, ambako wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao akina bibi, walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutafuta ufumbuzi wa matatizo yanayomlemea. Baadaye watafiti wa Zimbabwe na wenzao wa London waliipima tiba hiyo kwa washiriki 573 katika kliniki 24. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya walioipata walikuwa bado na dalili za sonona, ilhali katika kundi la huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa asilimia 50. Tiba yenyewe, nasisitiza, ilibuniwa Harare.

Ukiombwa kushiriki utafiti, uliza kabla ya kutia saini kama huduma itaendelea ufadhili utakapokwisha. Nawe una haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako.